Nani Hulipa Msichana Anapoingia Utawani?

Mwanzoni mwa karne ya 17, tajiri wa Venice mwenye mabinti wanne alikuwa na hesabu ya kumkosesha usingizi. Kumwoza mmoja tu kwa kijana wa tabaka lake kulimlazimu yeye, baba, atoe maelfu ya dukati. Katika nyumba kubwa kiasi hicho kilipita dukati 20,000. Serikali ya mji iliweka kikomo mara kwa mara, na mara kwa mara matajiri wakakiruka. Monasteri nayo ilidai mali ya kumpokelea binti, lakini kikomo chake kilikuwa dukati 1,000 hivi. Basi mmoja aliolewa, na waliobaki wakavikwa veli.

Mzee wa Laare, mji wa miraa ulioko Igembe, Meru, kwenye njia ya kutoka Maua kwenda Mutuati, hupiga hesabu hiyo hiyo akianzia mwisho. Kwake mali haitoki na binti, inaingia. Posa huja na ncoolo, kile kitita cha miraa kinachofungwa kwa heshima yake, kisha hufuata mbuzi, kondoo, ng'ombe, asali, na siku hizi bahasha. Mara nyingi mifugo iliyoletwa kwa ajili ya dada ndiyo iliyompatia kaka mke. Binti akitangaza kwamba anataka kuwa sista, hakuna mgeni atakayebisha hodi na ncoolo mkononi. Kule Venice utawa ulimwokolea baba mali. Igembe unamkosesha.

Watu wakizungumzia watawa wa kale wa Ulaya huuliza kama monasteri ilikuwa gereza au kimbilio. Wenye imani hujibu kwa imani, wenye hasira kwa hasira, na mjadala haufiki popote. Mimi ningeanzia kwenye mfuko wa baba. Mwelekeo wa mali wakati wa ndoa ndio ulioamua, kwa sehemu kubwa, nani alisukumwa kuingia na nani alilazimika kutoroka kwao ili aingie. Yaliyomkuta akiwa ndani yaliamuliwa na jambo la pili: kama mlango ulifungwa kwa kufuli au aliruhusiwa kutoka.

Tubaki Venice kidogo. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za mji huo wanakadiria kwamba mwaka 1581 zaidi ya nusu ya wanawake wa tabaka la juu walikuwa watawa. Sidhani Mungu aliwaita nusu ya mabinti wa wenye majumba akawasahau wa wavuvi. Miongoni mwa walioingizwa baadaye alikuwa Elena Cassandra Tarabotti, aliyezaliwa mwaka 1604, mkubwa kati ya dada zake na mwenye mguu wa kuchechemea. Baba alimwona hafai kwa soko la ndoa akampeleka monasteri ya Sant'Anna angali msichana mdogo. Akapewa jina la Arcangela, akajifundisha mwenyewe kusoma na kuandika vilivyo, kisha akaandika kitabu cha kuwashtaki akina baba na serikali iliyowanyamazia, akisema wazi kwamba wanamtolea Mungu wasichana ili kulinda mali yao. Alifariki mwaka 1652. Kitabu kilichapishwa miaka miwili baadaye, na haukupita muda Kanisa likakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Si kila baba alikuwa mkatili, na hapo ndipo mambo yanapochanganya. Galileo, mwanasayansi yule yule wa darubini, alizaa mabinti wawili na mwanamke ambaye hakumwoa. Wasichana waliozaliwa nje ya ndoa walikuwa na nafasi finyu ya kuolewa kwa heshima, na kuwatafutia waume kungegharimu mali ambayo hakuwa nayo. Mwaka 1613 aliwapeleka monasteri ya San Matteo huko Arcetri, karibu na Florence, wakiwa bado hawajafikisha umri wa kuweka nadhiri. Mkubwa, Virginia, akawa Sista Maria Celeste. Barua zake 124 kwa baba zimebaki hadi leo. Za baba kwake zimepotea. Ndani ya barua hizo kuna njaa na baridi, kuna meno yanayong'olewa, kuna kola za baba anazomfulia na matunda ya sukari anayomtengenezea, kuna saa ya monasteri anayomwomba aitengeneze. Alikuwa mfamasia wa nyumba, mwandishi wa barua za mkuu wake, na msiri wa baba katika miaka ya kesi yake mbele ya Baraza la Imani. Alifariki mwaka 1634 akiwa na miaka 33. Mdogo wake, Livia, aliyaishi maisha hayo hayo chini ya paa lile lile, lakini picha yake katika barua za dada ni ya mtu mgonjwa, mwenye huzuni na asiyependa maneno. Nyumba moja, kanuni moja, baba mmoja: dada mmoja alipata mahali pa kuchanua, mwingine alinyauka. Anayetaka jibu la neno moja kuhusu monasteri asome barua hizo kwanza.

Viongozi wa Kanisa walijua kwamba wasichana walikuwa wakilazimishwa. Mtaguso wa Trento, ulipokuwa ukifunga vikao vyake Desemba 1563, uliagiza kwamba msichana asiweke nadhiri kabla ya miaka 16, kwamba askofu au mjumbe wake amhoji faraghani kama anataka kwa hiari, na kwamba anayemlazimisha atengwe na Kanisa. Kwa karatasi, sheria nzuri. Lakini msichana aliyelelewa ndani ya kuta hizo tangu utotoni, anayejua kwamba nyumbani hakuna chumba wala mchumba anayemsubiri, angemjibu nini mjumbe wa askofu? Kikao hicho hicho kilikaza sheria ya pili iliyotekelezwa kwa bidii kubwa zaidi: mtawa akishaweka nadhiri asitoke, na mtu wa nje asiingie. Mwaka 1566 Papa Pius wa Tano aliisambaza kwa nyumba zote za watawa wa kike, hata zile zilizokuwa zimezoea kutoka kuhudumia wagonjwa. Madirisha yakawekewa nondo, na wageni wakaongeleshwa kupitia wavu wa chuma.

Ndani ya kuta hizo kulikuwa na tabaka kama nje. Waliokuja na mali walikuwa watawa wa kwaya: walisali sala za vipindi kwa Kilatini na walikuwa na kura katika uchaguzi wa mkuu. Waliokuja mikono mitupu waliitwa dada wa kazi, wakapika, wakafua na kuchota maji, na kura hawakuwa nayo. Teresa wa Avila, mtawa wa Uhispania, aliishi miaka mingi katika monasteri ambamo wenye majina makubwa walikuwa na vyumba vyao na watumishi wao, wenzao wakilala bwenini. Alipofungua nyumba yake mwenyewe mwaka 1562 alipiga marufuku vyeo vya ukoo na kuweka idadi ndogo. Ninayemwona hapo ni mwanamke aliyechoka kuona umaskini ukiimbwa kanisani na utajiri ukilala chumba cha pili.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wapinzani wa utawa hawapendi kulisikia. Katika karne hizo, mwanamke wa Ulaya angepiga kura wapi? Angeshika wapi vitabu vya hesabu za mashamba, kuajiri wakili, kugombana na askofu kwa maandishi? Plautilla Nelli, mtawa wa Florence, alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa mita kama saba bila kupita kwenye karakana ya fundi yeyote. Chiara Margarita Cozzolani alitunga na kuchapisha muziki akiwa ndani ya monasteri ya Milan. Waume na uzazi, vilivyowaua na kuwachosha wenzao wa nje, havikuwafikia. Walilipia hayo kwa kufuli.

Aliyepigana na kufuli hilo moja kwa moja alikuwa Mwingereza, Mary Ward, aliyezaliwa mwaka 1585. Alitaka shirika la wanawake wanaotembea mijini, wanaofundisha wasichana, wasiofungiwa, na walio chini ya mkuu wao mwanamke badala ya kila askofu wa jimbo. Januari 1631 Papa Urban wa Nane alilivunja shirika hilo kwa maneno makali, na mwanzilishi akafungwa kwa majuma kadhaa katika monasteri ya Munich, akiwaandikia wenzake kwa maji ya ndimu ili maandishi yasionekane mpaka karatasi ipashwe moto. Wafuasi wake waliendelea kichinichini, nao hawakuruhusiwa kumtaja rasmi kuwa mwanzilishi hadi mwaka 1909. Tawi lao la Ireland ndilo Loreto, na mwaka 1921 masista wa Loreto walifika Kenya. Miaka kama 35 baadaye, msichana wa Nyeri aliyekuwa amefundishwa na masista wa shirika la Wakonsolata huko Mathari alijiunga na Loreto Limuru. Huyo ni Wangari Maathai. Alichokatazwa Mary Ward ndicho kilichompa Wangari walimu.

Mwaka ule ule wa 1631, Agosti, mfalme wa Mombasa Yusuf bin Hassan aliwageukia Wareno na kuiteka Ngome ya Yesu. Alikuwa amelelewa Goa na mapadre Waagostino, na Goa hiyo hiyo ilikuwa na monasteri ya wanawake ya Santa Monica, iliyoanzishwa mwaka 1606 na Askofu Mkuu Aleixo de Menezes, naye Mwagostino. Monasteri ya aina ya Ulaya, yenye kufuli na mali ya kuingilia, ilikuwa imefika Bahari ya Hindi, kwenye njia ile ile ya merikebu zilizotia nanga Mombasa. Haikuvuka kuja pwani yetu.

Waliokuja pwani walikuwa watu wa aina nyingine. Desemba 1860 masista wa kwanza walishuka Zanzibar pamoja na Padre Armand Fava. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka Réunion, shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na lililowapokea wanawake weusi waliotoka utumwani pamoja na weupe. Waliuguza wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa, kwanza Unguja kisha Bagamoyo. Hawa hawakuishi nyuma ya wavu wa chuma. Karne ya 19 ilikuwa imejaza Ulaya mashirika ya wanawake wa shule na hospitali, na mwaka 1900 Papa Leo wa Kumi na Tatu akakubali rasmi kwamba nao ni watawa kamili. Kutoka nje kulikuwa na bei yake. Januari 1889 Sista Martha Wansing aliuawa Pugu wakati wa vita vya Abushiri, na Agosti 1905 masista wawili waliuawa pamoja na Askofu Cassian Spiss katika Maji Maji.

Nchi ya Mlima Kenya iliwapata masista mwaka 1903, wakati wale wa Cottolengo kutoka Turin walipoungana na mapadre Wakonsolata. Idadi yao haikutosha kazi, na mwaka 1910 mwanzilishi wa mapadre hao, Giuseppe Allamano, akaanzisha shirika jipya la Masista Wakonsolata, waliofika Kenya mwaka 1913. Mmoja wao, Irene Stefani, aliwauguza wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi, kisha akaishi Gikondi akitembea nyumba hadi nyumba hadi tauni ilipomchukua Oktoba 1930. Wenyeji walimwita Nyaatha, na mwaka 2015 alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri. Kwa sheria ya mwaka 1566, maisha yake yote yangekuwa kosa.

Igembe nayo ina kipande chake cha habari hii. Wale wa Cottolengo, walioondoka Kenya katika miaka ya 1920, walirudi nusu karne baadaye na kuelekea Tuuru, kwenye milima hii hii ya Nyambene, ambako Wakonsolata walikuwa na makao ya watoto waliolemazwa na polio. Makao hayo hayakuwa na maji ya kutosha. Bruda Giuseppe Argese, ambaye wenyeji walimwita Mukiri, alikwenda kuyatafuta msituni Nyambene, na mradi ulioanza kwa ajili ya watoto wale ukaja kuwanywesha watu wengi wa Igembe na Tigania. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia neno sista, anachokumbuka ni zahanati, bweni la wasichana, mtoto aliyefungiwa vyuma vya miguu akafundishwa kutembea. Ukimsimulia habari za nondo na wavu atadhani unazungumzia mahabusu.

Lakini sista mgeni ni jambo moja, na binti yako kuwa sista ni jambo jingine. Shirika la Bannabikira la Buganda, la kwanza la masista Waafrika katika eneo letu, lilipata nadhiri zake za mwanzo mwaka 1910. Nyeri, Masista wa Maria Imakulata walianzishwa mwaka 1918. Meru baadaye ikapata Masista wa Nazareti wa Kupashwa Habari. Kila mahali wazazi walipinga, na hawakupinga kwa upumbavu. Msichana asiyeolewa alikuwa deni kwa kaka zake. Asiyezaa hakurudisha jina la nyanya yake. Kuna pia kina mama waliouliza, kwa akili ya kawaida kabisa, nani atamzika. Kwa mila zetu mwanamke alipata nafasi yake katika jamii kwa kuolewa na kuzaa, naye sista alikataa vyote viwili kisha akataka aheshimiwe kama mtu mzima.

Kwa hiyo huku nguvu ilielekea upande mwingine. Tarabotti alisukumwa ndani na baba; wasichana wengi wa mwanzo wa Afrika Mashariki waliingia baba akiwavuta kwa nyuma. Waliomkimbia mzee mwenye wake watatu walikuta misheni mlango ulio wazi, na hapo nakubali neno kimbilio bila kusita. Ila tusidanganyane kwamba aliyeingia kwa kutoroka aliingia kwa wito mtupu. Kwa miongo mingi, nyumba ya masista ilikuwa karibu njia pekee ya msichana wa kijijini kupata kalamu, kiti cha mbele na koti jeupe la nesi. Walezi wa unovisi wanalijua hilo, ndiyo maana huwapitisha wasichana katika hatua nyingi, uaspiranti, upostulanti, unovisi, nadhiri za muda za miaka kadhaa, kabla ya zile za daima. Trento ilitaka askofu amuulize msichana kama babaye amemlazimisha. Mlezi wa leo anataka kujua kama karo ndiyo iliyomleta.

Wazazi nao wamebadilika, angalau kwa sherehe. Siku ya nadhiri za daima siku hizi hufanana sana na harusi: mahema, nyimbo za kina mama, keki, na mbuzi wanaoletwa wakicheza hadi altareni. Mifugo hiyo haiendi kwa baba. Nimewaona wazee wakiifuata kwa macho.

Tabaka pia lilivuka bahari, likabadilisha rangi tu. Mwaka 1703 Teresa Chicaba, aliyetekwa mtoto huko Afrika Magharibi na kuuzwa Uhispania, alikataliwa na monasteri kadhaa kwa weusi wake, na ile ya Salamanca iliyompokea ilimweka katika daraja la chini. Josephine Bakhita wa Sudan, aliyetangazwa huru na mahakama ya Venice mwaka 1889, alikuwa na bahati zaidi katika shirika la masista Wakanosa, ingawa maisha yake mengi yalikuwa ya jikoni, kushona na kufungua mlango. Kenya na Uganda, Waafrika walianzishiwa mashirika yao pembeni, kwa muda mrefu chini ya wakuu na walezi wa Ulaya. Wapo wanaosema mpango huo uliwapa Waafrika nyumba iliyo yao kweli, na mashirika hayo leo ni makubwa na yenye mali. Nakubali matokeo. Nia ya mwanzo siitetei.

Swali la kazi halijaisha. Machi 2018 gazeti la wanawake linalotolewa na Vatikano lilieleza jinsi masista wanavyopika na kufua kwa maaskofu bila mkataba wala mshahara wa maana. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Sista Maura O'Donohue alikuwa amewasilisha Roma ripoti kuhusu mapadre walionyanyasa masista kingono, barani Afrika hasa, na ilichukua miaka kabla ya umma kuisikia. Mwaka 2019 Papa Francis alikiri hadharani kwamba tatizo hilo lipo. Kufuli la Trento lilidaiwa kuwalinda watawa dhidi ya wanaume. Kuondolewa kwake hakukuwapa mikataba ya kazi, akaunti zao wenyewe, wala mahali pa kumshtaki padre mwenye sauti parokiani.

Na sasa hesabu inageuka tena. Ulaya mali ya kumwozea binti imekufa kama desturi, wanawake wana vyuo na mishahara, na hakuna baba anayehitaji monasteri. Zile nyumba za karne ya 16 zimebaki na vikongwe wachache na paa kubwa zinazovuja. Macho yameelekea kusini, ambako mabinti bado wapo. Mwaka 2016 Francis alitoa waraka kuhusu watawa wa ndani, wale wasiotoka monasterini, ambamo alikataza kabisa kuwaleta wasichana kutoka nchi nyingine kwa lengo la kuiokoa monasteri isife. Sheria haikatazi kitu ambacho hakitokei. Afrika Mashariki ina watawa wa ndani wake: Wakarmeli wa Nairobi, Watrapisti wa Butende karibu na Masaka. Msichana wa Igembe anayetaka kimya cha namna hiyo hahitaji pasipoti. Akipelekewa mwaliko wa kwenda kujaza chumba kitupu huko Italia, mzazi wake ana haki ya kuuliza nani analipa nauli, nadhiri zitawekwa kwa lugha gani, na akiamua kuondoka baada ya miaka mitatu, atarudi Laare kwa tiketi ya nani.